Nguzo Nne za Dembo la Kansofu

Mashimo yalikuwa manne, na yote yalikuwa yamefukiwa vizuri.

Inspekta Paulin Chisanga alichuchumaa kando ya shimo la kwanza na kuweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa umeshindiliwa. Juu yake mtu alikuwa amerudisha majani na mizizi yake, kama anayerudisha kifuniko juu ya sufuria.

Hatua arobaini upande wa juu, chini ya mikaratusi, nguzo nne fupi za saruji zilisimama katika mstari mmoja. Hizo ndizo borne, alama za mpaka wa kiwanja. Ijumaa zilikuwa huku chini, karibu na matete. Jumatatu asubuhi zilikutwa kule juu.

"Bameniiba!" alisema Bwana Mwaba, muuzaji wa viwanja, huku akifuta kipara kwa leso. "Inspecteur, uandike. Mètre makumi ine! Mu longueur yote!"

"Naandika."

"Na mwizi namujua. Ni ule Mama Gracia, muuzaji wa kikanda. Alinitisha mbele ya bantu. Umukamate leo. Malori yangu ya kifusi inakuya Samedi."

Inspekta aligeuka. Alitazama eneo lililokuwa kati ya mashimo na nguzo.

Watu wa Lubumbashi huita dembo bonde la majani ambalo maji hukaa chini yake mwaka mzima, hata mwezi wa kumi, jua linapopasua udongo wa barabarani. Katikati ya ukanda ule wa hatua arobaini ilikuwa chemchemi. Mtaa wote wa Kansofu, ulio upande wa chini, ulikunywa hapo. Kama mpaka ungepita kwenye nguzo, chemchemi ilikuwa mali ya dembo, na hakuna aliyeruhusiwa kuifukia. Kama mpaka ungepita kwenye mashimo, chemchemi ilikuwa ndani ya kiwanja cha Mwaba, na Jumamosi ingelala chini ya kifusi.

Inspekta Chisanga alizaliwa katika mtaa ule. Alijikumbusha kwamba kazi yake ni kuandika anachokiona.

"Chef, kuya uone hii," aliita Brigadia Chanda, mtu mnene aliyefanya naye kazi miaka kumi na mitatu. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na nguzo, jicho moja limefumbwa. "Zote nne ziko sawasawa. Hakuna moja inainama. Mwizi gani anatembeaka na timazi?"

"Alama za miguu?"

"Zimekanyagwa na mbuzi. Lakini kuko gurudumu moja. Toroli. Imeenda na kurudi mara nne."

"Mtu mmoja, basi."

"Mutu moja, mwenye mugongo muzuri. Kila borne inafika kilo makumi ine na tano. Miye singeweza."

"Wewe hata kusimama huwezi. Inuka."

Inspekta alimgeukia Mwaba. "Hati za kiwanja unazo?"

"Ziko mu motokari. Zote. Na mihuri yake."

"Nipe. Nitazisoma."

"Utasoma zote?" Mwaba alicheka. "Miye mwenyewe nilisoma ukurasa wa kwanza tu na mihuri."

*

Sokoni Kamalondo asubuhi hiyo kulikuwa na kelele za cherehani na redio. Mama Gracia Kunda alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kisu mkononi. Mbele yake kulikuwa na kikanda cha moto, ule mkate mweusi wa mizizi ya maua ya dembo, iliyosagwa pamoja na karanga na kupikwa mpaka ikashikana, ukakatwa vipande kama nyama.

"Mama Gracia Kunda?"

"Njo miye. Unataka ya pilipili ao ya hivi hivi?"

"Niko mu kazi, mama."

"Kazi haikatazake kulya."

"Bwana Mwaba anasema ulimwambia borne zake zitatembea."

"Nilimuambia. Na nilimuambia yee pia atatembea. Mbona angali anasimama?"

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Inspekta alifungua daftari.

"Samedi usiku ulikuwa wapi?"

"Ku maombi. Tulikesha. Uulize padri, nilikuwa mbele yake na alisinzia."

"Dimanche usiku?"

"Ku nyumba. Miguu ilikuwa inauma."

"Ulimwona mwizi?"

"Sikuona mwizi."

"Usiku hukuona mtu na toroli?"

"Usiku sikuona mutu."

Alijibu haraka, akimtazama usoni. Inspekta aliandika kila neno. Halafu aliuliza, kwa sauti nyingine kidogo, "Mama, kwa nini ulimtisha yule bwana?"

Mama Gracia aliweka kisu chini.

"Weye si mutoto wa Kansofu? Mama yako si ule alikuwa anauzisha mandazi ku kona? Basi unajua. Mvua ya kwanza ikinyesha, kambale banatoka mu mutoni, banapanda mu majani ya dembo kuzaa. Korongo ya taji banakuya bawili bawili. Siye bamama tunachimba kizizi kikubwa cha kikanda, kile kidogo tunakirudisha mu matope, mwaka mwingine kinakuwa kikubwa. Nimesomesha batoto batano vile. Mwaka jana alileta malori tatu tu, akajaza kona ya juu. Tatu! Mvua ikanyesha. Mayi haikupata mahali kwenye italala. Ikakuya kulala ku vitanda vya bantu ba Kansofu." Alikata kipande, akakifunga katika jani la mgomba. "Kamata. Si rushwa, ni njaa yako naiona."

Inspekta alikipokea. Alikila ndani ya motokari, akiwa amefunga dirisha ili Chanda asiombe nusu. Chanda aliomba nusu.

*

Hati za Mwaba zilikuwa kurasa kumi na tisa, kwa Kifaransa. Inspekta alizisoma zote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa kumi na saba alisimama.

Ulikuwa nakala ya taarifa ya vipimo ya mwaka 1989, iliyoandikwa na jeomita mmoja wa binafsi ambaye sasa alikuwa marehemu. Ilisema kwamba nguzo nne zilipandwa chini, karibu na matete, na hazikuwahi kuguswa tangu siku ya kwanza. Ilisema pia kwamba chini ya kila nguzo kilizikwa kigae kimoja kilichovunjwa vipande vinne, kama desturi ya kazi inavyotaka. Jeomita huita vipande hivyo mashahidi. Nguzo ikihamishwa na mjanja, vipande hubaki ardhini. Vikifukuliwa na kuungana kuwa kigae kimoja, hapo ndipo mpaka wa kweli.

Chini ya ukurasa kulikuwa na sahihi ya jeomita. Kando yake, mahali pa shahidi, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Jina la mwenye kidole liliandikwa kwa mashine: Edouard Bwalya, mshika-mire. Huyo ni yule anayesimama mbali na kushika fimbo ya vipimo huku jeomita akichungulia katika chombo.

"Chanda," alisema Inspekta. "Chukua majembe."

"Kweli chef? Jua hii?"

"Majembe mawili. Moja langu."

Walichimba mchana ule mbele ya Mwaba. Katika shimo la kwanza la chini hawakukuta kigae. Walikwenda kina cha mkono mzima mpaka wakafikia udongo wa kijivu, mgumu, ambao haujawahi kuguswa na chuma. Hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. La tatu na la nne, vivyo hivyo.

"Mwizi alichukua bigae pia!" alisema Mwaba.

"Udongo wa chini haujavunjwa, bwana. Angekichukuaje bila kuuvunja?"

Walipanda hatua arobaini. Waliegemeza nguzo ya kwanza pembeni na kuchimba chini yake. Jembe la Chanda liligonga kitu. Inspekta alishuka kwa magoti na kuendelea kwa mikono.

Vilikuwa vipande vinne vya kigae chekundu. Alivisafisha kwa shati lake na kuviunganisha juu ya nyasi. Vilikaa pamoja bila nafasi hata ya kupitisha kucha.

"Alivizika juzi!" Sauti ya Mwaba ilikuwa imepanda. "Aliviweka juzi na toroli yake!"

"Inawezekana," alisema Inspekta.

Chini ya nguzo ya pili hakufukua tena kwa mikono. Alikata bonge zima la udongo, kigae kikiwa ndani yake, akalifunga katika gunia lililolowa maji na kuliweka kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa.

*

Huko Kasapa, kwenye chuo kikuu, Mwalimu Mapalo alilipokea bonge kwa mikono miwili. Alikuwa mtaalamu wa mimea ya maji, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikata udongo kwa kisu chembamba, tabaka kwa tabaka, akachungulia katika hadubini, akaandika, akachungulia tena. Inspekta alisubiri amesimama.

"Nani alikuambia kwamba hiki kilizikwa juzi?"

"Mlalamikaji."

"Mwambie aje kuona. Mzizi huu wa tete umepita katikati ya vipande viwili. Ukanenepa, ukakauka, mwingine ukaota ndani ya gamba lake, nao ukanenepa. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kutengeneza hivi."

"Muda gani?"

"Zaidi ya miaka ishirini. Kama thelathini na kitu, sitashangaa."

"Utaliandika?"

"Na kutia sahihi. Lakini mizizi ya matete inafanya nini chini ya mikaratusi? Siku hizi matete yanaishia chini kabisa."

"Siku hizi, ndiyo."

Mwalimu Mapalo alivua miwani. "Basi maji yalikuwa yakifika huko, na dembo limepungua. Inspekta, mimi nahesabu ndege pale kila mwaka. Korongo wenye taji wamebaki jozi mbili, na jozi moja hutaga mita kumi tu kutoka kwenye chemchemi. Udongo ule unameza mvua ya masaa mawili, halafu unaitoa polepole mpaka mwezi wa kumi, ikiwa safi. Visima vyote vya mtaa wa chini vinaishi kwa hiyo. Mwaka ule wa kipindupindu, mitaa iliyokunywa mtoni ilizika watu. Kansofu haikuzika hata mmoja."

"Najua," alisema Inspekta. "Nilikuwa na miaka kumi na moja."

Njiani kurudi Inspekta aliifungua tena taarifa ya 1989. Chanda alimtazama mara mbili, halafu akaongeza sauti ya redio.

Jambo moja sasa lilikuwa wazi. Nguzo hazikuibwa juzi. Ziliibwa mwaka 1989. Juzi mtu alizirudisha, na mtu huyo alijua mahali pake hasa, kwa kipimo cha kucha, baada ya miaka thelathini na mitano. Kutoka katika karatasi asingeweza kujua, kwa sababu karatasi ilidanganya. Ilibidi awe ameshika jembe siku ile ya kwanza.

*

Alisoma tena majibu ya Mama Gracia katika daftari, neno kwa neno, kisha akamkuta kwenye chemchemi, akijaza maji bidoni za njano pamoja na wanawake wengine.

"Mama, nilikosea swali."

"Nilikuwa nangojea uulize muzuri."

"Si usiku. Mchana. Na si mwizi."

Mama Gracia alifunga bidoni yake, akajifuta mikono. "Samedi, saa sita ya muchana. Papa moja muzee. Casque ya njano ku kichwa, gilet ya kazi juu ya shati, toroli, kamba, timazi. Tulisema ni muntu wa serikali, bantu ba gilet nani anabauliza? Borne ya ine ilimushinda kidogo pale ku mupando. Unajua nani alimusaidia kusukuma?"

"Nani?"

"Mulinzi wa Bwana Mwaba!"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Chanda aligeuka pembeni, mabega yakimtikisika.

"Kisha?"

"Kisha alinunua kikanda. Akakaa hapa, kwenye unasimama. Akavua casque. Akakunywa mayi na mukono, mara tatu. Akasema aksanti."

"Kwako?"

"Hapana," alisema Mama Gracia. "Ku mayi."

"Mbona hukuniambia juzi?"

"Uliniuliza mwizi, baba. Mwizi sikumuona."

*

Nyumba ya Edouard Bwalya ilikuwa katika barabara ya nyuma ya Kamalondo, kati ya fundi nguo na baa ambayo ilikuwa bado imefungwa. Mlango ulifunguliwa kabla ya Inspekta kubisha.

"Ingia, baba inspecteur," alisema mwanamke mzee. "Miye ni Agnès, bibi yake. Nilisema utakuya leo. Yee alisema kesho. Nimemushinda."

Mzee alikuwa mezani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kufungwa mpaka kifungo cha shingo. Ukutani, juu ya msumari, kofia ngumu ya njano ilining'inia. Ilikuwa imeoshwa. Chini yake kulikuwa na rafu ya madaftari, yamepangwa kwa miaka.

"Papa Edouard Bwalya?"

"Njo miye."

"Umri?"

"Miaka makumi saba na ine."

"Kazi?"

"Mushika-mire. Miaka makumi mbili. Sasa ninapumuzika, lakini mugongo hauna habari."

"Samedi saa sita ulikuwa wapi?"

"Ku Kansofu. Mu kazi."

"Nani alikutuma?"

Mzee alimtazama mkewe. Agnès alivuta kiti na kukaa karibu naye.

"Hapo njo kuko magumu," alisema mzee. "Nitakuambia yote, lakini usinikate katikati. Nikikatwa, nitaanza tena ku mwanzo."

"Nasikiliza."

"Mwaka wa 1989 tulipanda zile borne. Jeomita, miye, na benzetu bawili, bote bamekufa. Tulizipanda kule juu, ku mikaratusi. Kigae nilivunja miye mwenyewe, juu ya goti yangu. Kazi safi. Kisha wiki mbili, jeomita alikuya na shemeji yake, ule mwenye kiwanja. Alisema, 'Edouard, plan ilikosea, tunashuka mètre makumi ine.' Niliuliza, 'Na mashahidi?' Alisema, 'Viache. Nani atachimba?' Nikang'oa. Nikapanda chini. Akaniletea karatasi. Sikujua kusoma. Nikaweka kidole."

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua ni haraka. Jeomita hana haraka. Lakini yee alikuwa mukubwa, na miye nilikuwa kidole tu."

Agnès aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe.

"Kisha mwaka wa 1991," aliendelea mzee. "Mishahara ilikatika. Maduka yalivunjwa, mji ulikuwa mutupu. Tulikuwa na batoto saba. Huyu mama alikuwa anatoka hapa na miguu mpaka dembo ya Kansofu. Kambale, kikanda, majani ya mboga, mayi safi. Miezi kumi na moja tulikulya pale. Saba! Bote baliishi. Mukubwa sasa ni muganga. Unaelewa, baba? Nilikulya mu sahani ya mutu nilimuiba."

Nje, fundi nguo alisimamisha cherehani yake, halafu akaendelea.

"Jeomita alikufa mwaka wa 2001. Bureau ikafungwa, karatasi bakazitupa inje. Miye nilikuwa nimeanza masomo ya mangaribi, ya kusoma Kifaransa, ku salle ya kanisa. Miaka makumi tano na moja, nakaa mu banc moja na batoto ba jirani. Nikaokota zile karatasi, nijifunze nazo kusoma. Mwaka wa tatu mwalimu alisema, kila mutu alete karatasi ya ku nyumba, asome mbele ya benzake. Nikachukua moja, ile ilikuwa na muhuri muzuri. Nikasimama. Nikasoma kwa sauti. Darasa yote ilisikiliza, kwa sababu nilikuwa nasoma vizuri. Nikafika ku mustari wa sita: borne hazikuguswa tangu siku ya kwanza. Wa saba: shahidi anakubali. Wa munane ilikuwa jina langu."

Alitazama kidole gumba chake.

"Mwalimu alisema, 'Endelea, Papa Edouard.' Sikuendelea."

Inspekta alingoja mpaka mzee akanywa maji. Yalikuwa katika bilauri safi, na bidoni ya njano ilisimama pembeni ya mlango.

"Kwa nini hukuzirudisha wakati ule?"

"Kiwanja kilikuwa kinalala. Hakuna mutu alijenga. Nilisema, Mungu amesahau, na miye nisahau. Huo ulikuwa uoga, uuandike. Kisha mwaka jana malori ya kwanza ikakuya. Nikaona mayi mu nyumba ya bantu. Niliandika barua. Tatu, na mukono yangu, na nakala. Ziko pale mu daftari. Hakuna mutu alijibu. Basi nikasema, kazi niliyoiharibu miye, fundi wake ni miye."

"Ungekuja polisi."

"Na nini? Na kidole changu?"

"Na kwa nini mchana, mbele ya watu wote?"

Mzee alishangaa, kama aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu. "Nilikuwa narudisha. Kintu cha bantu kinarudishwa muchana."

"Ungeweza kuvunjika mgongo," alisema Agnès.

"Mulinzi alinisaidia."

"Mulinzi!" Agnès alimgeukia Inspekta. "Alirudi hapa anacheka kama mutoto. Miaka yote namuona anageuka ku kitanda. Samedi alilala saa mbili, akakoroma mpaka asubuhi. Nikamushukuru Mungu, nikaziba masikio."

Inspekta Chisanga alifunga daftari. Alikuwa na neno moja lisilo la kipolisi, na hakujua aliweke wapi.

"Papa Edouard, mama yangu alinilea kwa maji yale. Mwaka wa kipindupindu nilikuwa Kansofu."

"Basi ulikunywa kwenye siye pia tulikunywa," alisema mzee. "Siye ni bandugu."

*

Ijumaa asubuhi walisimama wote kwenye dembo: Mwaba na mlinzi wake, Mama Gracia na wanawake wa bidoni, Mwalimu Mapalo na bonge lake la udongo, naibu mwendesha mashtaka aliyevaa viatu visivyofaa. Mzee Edouard alikuja na kofia yake.

Naibu aliviunganisha vipande vya kigae mwenyewe, mara mbili. Alisoma taarifa ya Mapalo. Halafu alitamka kwamba nguzo zibaki zilipo hadi mahakama iseme, na kwamba hakuna lori litakaloingia.

"Na huyu muzee?" Mwaba aliuliza. "Anaenda hivi hivi?"

"Atajibu kosa la kugusa alama za mpaka bila idhini. Atalijibu akitokea nyumbani kwake, si gerezani. Hatoroki, huyu. Na wewe una haki ya kuwadai waliokuuzia."

Mwaba alimtazama mlinzi wake. "Weye! Ulisukuma!"

"Patron, alikuwa na gilet," alisema mlinzi.

Mzee Edouard alimsogelea Mwaba na kuvua kofia. "Patron, nakuomba radhi. Hati yako ya uongo ina kidole changu. Lakini kanyaga hapa. Kanyaga na nguvu."

Mwaba alikanyaga kwa hasira. Kiatu kilizama mpaka kwenye kifundo, na maji yakaingia kwa mlio.

"Hii ni mwezi wa kumi, mbele ya mvua," alisema mzee kwa upole. "Ungejenga hapa, nyumba yako ingelala mu mayi mwaka wa kwanza, na batoto ba bantu ndani. Kule juu uko na mahali pakavu, nilipapima miye. Jenga pale, utashukuru."

Mwaba alivuta mguu wake. Mama Gracia alimletea bidoni, akammiminia maji juu ya kiatu, taratibu, mpaka kikawa safi. "Aksanti," alisema Mwaba, karibu bila sauti, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia akishukuru.

Juu yao korongo wawili walipita, taji zao zikiwaka katika jua, wakashuka nyuma ya matete. Mwalimu Mapalo alitoa kalamu na kuwaandika.

Kilichobaki kilikuwa hati ya maelezo. Inspekta aliiweka juu ya boneti ya motokari. Brigadia Chanda, kwa mazoea ya miaka na wazee wengi, alifungua kidau cha wino wa alama za vidole na kukisogeza mbele ya mzee.

Mzee Edouard alikisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Alivaa miwani.

"Nitasoma kwanza."

Alisoma kwa sauti, kurasa nne, bila kuruka mstari. Wanawake walikaa juu ya bidoni zao kusikiliza. Alisoma jina lake, umri wake, nguzo, kigae, goti, miezi kumi na moja, barua tatu. Kwenye ukurasa wa nne alisimama.

"Hapa umeandika, 'Mtuhumiwa alisogeza nguzo nne.'"

"Ndiyo, papa."

"Za 1989 nilisogeza. Hizi za Samedi nilirudisha. Uandike vile ilikuwa."

Inspekta Chisanga alichukua kalamu. Alifuta neno moja, akaandika jingine juu yake, akatia herufi zake za kwanza pembeni kama sheria inavyotaka.

Mzee alisoma mstari ule tena. Kisha aliinama juu ya boneti na kuandika jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi, na tarehe, na mahali: Kansofu.

Chanda alifunga kidau cha wino, kikiwa hakijaguswa, akakirudisha mfukoni. Inspekta alishuka mpaka kwenye chemchemi, akavua kofia, akanywa kwa mkono mara tatu.

"Aksanti," alisema.